Mkwe Amebadilisha Balbu Zangu, Nami Nimebadilisha Kitasa

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho wala usinicheke katikati, maana najua ukianza kusoma utasema huyu mama kakosa la kufanya, habari yenyewe ni ya balbu za taa, lakini balbu hizo zimenitoa machozi na sasa zinakaribia kunitenga na binti yangu, mtoto pekee niliyejaliwa, nami sina mtu mwingine wa kumwita wangu tangu mume wangu alipofariki mwaka jana.

Mume wangu alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, makarai na mifereji ya kukinga maji ya mvua, na mabaki ya bati hakuyatupa, alikuwa akiyakunja na kuyakunjua hadi yawe kitu. Pale sebuleni, ukutani karibu na kiti chake, aliweka taa ndogo akaivika kofia ya bati aliyoitoboa matundu kwa msumari, na ukiiwasha ukuta wote unajaa vidoadoa vya mwanga, na binti yetu alipokuwa mdogo alikuwa akijaribu kuviokota na kuvitia mfukoni. Mgongo ulipomkatalia kazi, mume wangu akachukua kabati letu la zamani la nguo, akalilaza chali kule stoo, akalizungushia bati kwa ndani, akaning'iniza balbu moja, tukaanza kulea vifaranga, tukiwatoa mapema kwa mama yao ili kuku arudi kutaga. Joto la mle kabatini alilipima kwa mgongo wa mkono, vile mtu anavyompima mtoto homa. Akishauweka mkono chini ya balbu anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Bado," anaishusha balbu kidogo, anaweka mkono tena, anasema, "Hapo hapo." Tangu afariki, mimi ndiye niliyekuwa nikiweka mkono, na kuna siku nilijikuta nimesema "Hapo hapo" kwa sauti, peke yangu stoo.

Mkwe wangu, mume wa huyu binti, ni fundi rangi za nyumba. Ni kijana mpole, sikatai, na hajawahi kunijibu vibaya, lakini tangu msiba umalizike ameanza tabia ya kuikagua nyumba yangu. Akija haangalii watu, anaangalia kuta. Anaangalia dari. Siku moja alipitisha kidole pembeni mwa dirisha, akakitazama kile kidole, akatikisa kichwa. Nikajiuliza, huyu anatikisia nini kichwa kwenye dirisha ambalo si lake?

Kuna jambo jingine. Nyuma ya kiti cha marehemu kuna doa ukutani, pale alipokuwa akiegemeza kichwa, mafuta yake ya nywele yaliingia ukutani miaka na miaka. Mimi nikipita hapo naligusa. Mkwe akaliona, akaniambia, "Mama, hapa nipapake rangi?" Mshauri, moyo ulinipasuka, lakini ni mkwe, utamwambia nini? Nikajifanya natafuta miwani. Nikaitafuta sana, hadi jikoni, na miwani yenyewe ilikuwa usoni. Tukaacha hapo.

Siku nyingine walikuja wote wawili, nikatoka kuanika nguo nyuma ya jikoni, na dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kwa masikio yangu mkwe anamwambia binti yangu, "Usimwambie mama kwanza. Akijua atakataa."

Binti akasema, "Atakasirika."

"Atakasirika, halafu atazoea."

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilisimama na shuka mbichi mkononi hadi ikanilowanisha miguu. Nilifikiri habari ya nyumba. Nina jirani tunamwita Gazeti, kwa sababu hakuna linalompita, na Gazeti alikuwa ameshanionya tangu zamani. Nilipomsimulia akapiga makofi, akasema, "Nilikwambia mimi! Shoga, wakwe wa siku hizi wanaanza na dari, wanamalizia na hati ya nyumba."

Haukupita muda binti yangu akaja kunichukua kwenda kupimwa macho. Yeye mwenyewe ni mjamzito, yuko karibu kujifungua, nikamwambia usijichoshe, akasema twende tu mama. Tukapima macho, tukamaliza, nikataka kurudi, akasema tupite kuangalia vinguo vya mtoto. Tukaangalia vinguo duka hili, tukaenda duka lile, tukarudi tena lile la kwanza, na hakununua hata soksi. Kumbe alikuwa ananichelewesha. Tulipofika nyumbani jioni mlango uko wazi na mkwe yuko juu ya ngazi yake sebuleni kwangu, anacheka.

"Karibu nyumbani, mama! Hebu zima, washa, ujionee!"

Alikuwa amebadilisha balbu zote. Sebule, jikoni, bafuni, chumbani kwangu, barazani, zote nyeupe za hizi za kisasa, nyumba imekuwa kama chumba cha daktari. Akaniambia, "Hizi zinakula umeme kidogo, mama. Zile zako zilikuwa zinakula kama mgeni aliyekataa kuondoka." Binti akacheka, na mimi nikacheka, nikasema, "Ahsante, mwanangu," maana nililelewa kutomgombeza mtu aliyeshika zawadi. Lakini ndani nilikuwa nimekufa ganzi. Chini ya mwanga ule niliona kila kitu, vumbi, nyufa, kitambaa cha kiti kilivyochakaa, na lile doa la mume wangu lilionekana kama uchafu. Miaka yote halijawahi kuonekana kama uchafu.

Kisha balbu zangu za zamani akazipanga kwenye boksi, akazifungia magazeti moja moja kama mayai, akaondoka nazo. Nikamuuliza, "Unazipeleka wapi?" Akasema, "Nitazihifadhi, mama, usijali." Azihifadhi za nini? Gazeti naye aliniuliza hivyo hivyo, "Za nini?" Hakuacha hata moja isipokuwa ile ya kofia ya bati ukutani, nadhani aliisahau, au bati lilimsumbua kulifungua.

Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa ule mwanga, nikaenda stoo mara moja tu, nikachungulia kwenye upenyo wa kabati, nikaona taa inawaka mle ndani, nikaenda kulala. Asubuhi nilipofunua kabati nilikuta mwanga mweupe, mzuri kabisa, nikaweka mgongo wa mkono, baridi. Alikuwa amebadilisha hata ile. Vifaranga walikuwa wamerundikana chini yake, wamepandana, kana kwamba wanaisubiri ianze kazi. Waliokuwa bado wanapumua niliwatia kifuani nikawafunika na nguo yangu, nikakaa nao sakafuni, na wachache sana ndio wakaamka. Walikuwa watoto wa yule kuku mweusi ambaye mume wangu alimchagua mwenyewe akaja naye amempakata kama mgeni wa heshima. Kuku yupo, anataga, lakini wale walikuwa wa kwanza niliowalea bila mume wangu.

Gazeti alipokuja akashika kiuno. "Huu si uzembe, shoga. Kwanza taa, kisha kuku, kisha wewe. Ukishakosa mradi, watasema mama hawezi kukaa peke yake, na nyumba imeshang'arishwa, mnunuzi anaingia tu." Akaangalia juu. "Na usizungumze chini ya hivyo vidude. Siku hizi vinasikia." Tangu hapo tukitaka kuongea tunatoka uani. Halafu kuna mita. Umeme nilioweka hauishi, hauishi kabisa, kila nikiitazama mita naona bado upo, nikaanza kushuku huyu kijana kaichezea ili siku moja waje kunishika mimi kwa wizi wa umeme.

Nikaita fundi, nikabadilisha kitasa cha mlango. Nikampigia binti yangu simu nikamwambia, "Wewe karibu wakati wowote, ila mumeo asije."

Akasema, "Mama, kwani kafanya nini?"

"Anajua alichofanya."

"Hajui, mama. Na mimi sijui."

"Basi kaeni muulizane."

Akasema polepole, sijawahi kumsikia na sauti ile, "Mlango ukifungwa kwake, umefungwa na kwangu." Alikuwa aje kwangu akishajifungua, nimuogeshee mtoto, nimpikie, apate kulala. Kitanda nimeshakitandika. Sasa anasema atakwenda kwa dada wa mume wake. Hajanipigia tena.

Nisaidie, mshauri. Nimfungulie mtu ninayemshuku, au niende kwa mwanasheria kuilinda nyumba yangu kabla hawajaniwahi? Nataka kumshika mjukuu wangu, lakini nisije nikamshika huku nimeshapoteza mahali alipoishi babu yake.

Wako,
Mjane wa Fundi Bati

*

Dada yangu,

Pole. Pole kwa mumeo, na pole kwa vifaranga, kwa sababu najua haukuwa msiba wa vifaranga peke yao. Mimi nami nimezika, na hadi leo kuna kikombe nyumbani kwangu ambacho mgeni akikishika nakosa raha. Sikukucheka. Nilitabasamu mara moja tu, hapo kwenye miwani.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa macho ya Gazeti, nikamshuku mkwe wako kuliko hata unavyomshuku wewe. Mara ya pili nilikuwa natafuta alichofanya, si alichodhaniwa, na nimekuta mambo umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako kisha ukayapita kama huyaoni.

Unasema alitaka kupaka rangi lile doa. Hapana. Aliuliza. Wewe ukakimbilia jikoni kutafuta miwani iliyoko usoni, na yeye hakupata jibu, akaliacha. Huyu ni fundi rangi, mama! Doa ukutani kwake ni kama jiwe kwenye wali, mikono inamuwasha. Kukaa mbele ya doa lile kila akija na asiliguse kwa sababu tu hukusema ndiyo, hiyo ndiyo tabia ya mtu anayekunyang'anya nyumba? Na kuangalia kuta na dari ni kazi yake. Mumeo alipoingia kwenye nyumba za watu alikuwa anaangalia nini kama si mabati?

Unasema aliiacha taa ya kofia ya bati kwa kusahau, au kwa kushindwa kuifungua. Mtu huyo alikuwa na ngazi na alikuwa na kutwa nzima. Alipanda hadi barazani. Alikwenda hadi stoo akafungua kabati. Ile taa iko ukutani, karibu na kiti, inafikika hata kwa mtoto. Ndiyo rahisi kuliko zote. Dada yangu, hakuisahau. Ndiyo pekee aliyojua ni ya marehemu, na ndiyo pekee ambayo hakuigusa.

Ila ile ya kabatini hakujua, na angeijulia wapi? Aliona balbu inawaka mchana kutwa ndani ya kabati lililolazwa stoo, akaona huo ndio ulaji wenyewe wa umeme. Mtu mwenye nia mbaya na vifaranga angeizima. Yeye aliwawekea mpya, iwake. Alidhani wanahitaji mwanga. Na kabla hujanikasirikia, kumbuka kuwa hata wewe, mwanafunzi wa fundi mwenyewe, ulichungulia kwenye upenyo ukaona mwanga ukadhani kuna joto. Sikulaumu, ulikuwa umechoka na kichwa kinakuuma. Lakini kama wewe ulidanganyika, yeye angejuaje? Balbu za zamani zilikuwa jiko na taa kwa pamoja, ndiyo maana zilikula umeme vile. Hizi mpya ni taa tu. Ndiyo maana pia umeme wako hauishi. Hakuna aliyechezea mita. Wewe unalala, mita nayo inapumzika, iache.

Kuhusu balbu kusikia, sisemi kitu. Mwambie Gazeti apunguze kurasa.

Hata hivyo simsafishi mkwe wako moja kwa moja. Kukutoa kwako kwa ujanja, ukazungushwa madukani na mjamzito, ili nyumba yako ibadilishwe nyuma yako, ni utovu wa adabu hata kama umefungwa utepe wa zawadi. "Atazoea" si neno la kusema juu ya mama wa mtu. Alipaswa kuuliza, na binti yako alipaswa kumwambia aulize. Hilo una haki nalo, na ni lazima uwaambie wote wawili kwa maneno yanayosikika, si kwa kubadilisha kitasa. Kitasa hakisemi umekosewa nini. Ndiyo maana binti anakwambia hajui, na mimi namwamini.

Na hati ya nyumba, iweke mahali unapopajua wewe. Hilo namwambia kila mjane anayeniandikia, awe na mkwe mwema au mbaya. Siku yoyote mtu akikutajia kuuza, akikuletea karatasi ya kutia sahihi, hapo nenda kwa mwanasheria bila kumuaga mtu, nami nitakusindikiza kwa maneno. Lakini hadi leo hakuna aliyekutajia isipokuwa jirani yako. Mwanasheria utamwambia nini, kwamba kijana amekuwekea taa?

Fanya hivi. Kabla hujamaliza siku ya leo, mpigie simu. Si binti, yeye. Usianze na salamu ndefu utaishia kulia. Mwambie, "Mwanangu, balbu ya kabatini ilikuwa ya joto, uliibadilisha, vifaranga wakafa, nikakasirika, nikakufungia mlango." Kisha nyamaza umsikilize. Sauti yake itakujibu kuhusu nyumba vizuri kuliko mimi. Ukibaki na shaka, muulize wazi ni kitu gani hakutaka uambiwe siku ile jikoni. Akikwambia ni balbu, kubali, kwa sababu kilichofuata kilikuwa balbu, na wewe na mimi tunajua kwamba ungekataa.

Kisha mwambie aje na mkewe, na waje na lile boksi. Balbu zako aliziviringishia magazeti kama mayai. Mtu anayezipeleka jalalani hahangaiki hivyo. Achukue moja airudishe kabatini, hiyo iendelee kula umeme wake, kazi yake tunaijua. Wale wachache waliobaki watashukuru. Zile mpya ziache zilipo, ila za sebuleni na chumbani mwambie akubadilishie: zipo za hizo hizo za kula umeme kidogo zenye mwanga wa manjano, si kila ya kisasa ni ya chumba cha daktari. Chini ya mwanga huo doa la mumeo litarudi kuwa lake. Na hilo nalo limalize leo, mwambie, "Hapa usipake." Maneno mawili tu, dada yangu, bila miwani.

Balbu ya kabatini ikishawaka, mwambie aweke mgongo wa mkono wake chini yake na afumbe macho. Atasema "hapo hapo" mapema mno, vijana wote wana haraka. Wewe sema, "Bado." Mshushie kidogo, aweke tena. Mfundishe mpaka ajue, kwa sababu kuku mweusi anataga, na wewe utakuwa na mtoto mchanga mikononi, na lazima awepo mwingine nyumba ile anayejua kupima.

Na ile taa ya kofia ya bati iwashe kabla hawajafika, hata kama ni mchana.